Migongo Niliyokopa Burat

Walisema sitaweza. Naanza na wao kwa sababu sijamsahau hata mmoja. Walisema mtu aliyekwenda Ghuba kulinda mlango wa duka la wenyewe hawezi kurudi Isiolo akawa bingwa wa kitu chochote. Walisema mieleka ni ya wanajeshi na askari jela, watu wanaolishwa na serikali, si ya raia anayekaa Burat na mke anayeuza nafaka. Mzee mmoja wa kanisa letu aliniambia uso kwa uso kwamba mwanamume mzima kukumbatiana na mwanamume mwingine katika nguo ya kubana ni aibu, na kwamba diploma yangu ya ugavi ingefaa zaidi kama ningeomba nayo kazi. Na nilipougua, hao hao walisema sitamaliza dawa. Dawa ya miezi sita, walisema, haimezwi na mtu mwenye kiburi kama Ekiru.

Niliimaliza. Naandika haya nikiwa na kilo themanini na tatu, mapafu yangu yakiwa safi kwa cheti. Nawaandikia wale walioko kwenye benchi la kliniki ya kifua sasa hivi, wanaowatazama wenzao kwa jicho la pembeni na kujiuliza nani amewafanyia hivi. Najua hilo jicho. Nililivaa mwaka mzima.

Lazima kwanza ujue nilikuwa nani. Mieleka nilijifunzia Ghuba, katika chumba cha chini cha jengo tulimolala wafanyakazi, kutoka kwa vijana wa Pakistani waliobeba saruji mchana na kuangushana jioni. Mwaka wa kwanza waliniangusha mpaka nikachoka kuinuka. Mwaka wa tatu hapakuwa na mtu wa kuniangusha. Nilirudi nyumbani, nikasoma diploma yangu jioni kule Meru kwa pesa yangu mwenyewe, bila harambee, nikaja nikafungua klabu kwenye kiwanja cha mama yangu Burat. Mkeka wetu ulikuwa turubai la lori juu ya magunia yaliyojazwa majani makavu ya ngano kutoka Timau. Kutoka mkeka huo nikawa bingwa wa taifa wa ridhaa, uzito wa kilo themanini na sita, mara mbili mfululizo. Sikulipwa hata senti. Nilipata medali mbili na masikio mazito yaliyokunjamana kama kabichi kwa kusuguliwa mkekani, na ukiniuliza nitakuambia masikio ndiyo ninayoyaonea fahari zaidi, kwa sababu medali mtu anaweza kununua.

Klabu ilikuwa na sheria moja kubwa, nayo ilitoka kwa Guyo. Guyo ni Mborana, watu wake wana ngamia upande wa Sericho, yeye anaishi karibu na Burat na ngamia wachache wa maziwa, na ndiye mwanafunzi wangu wa kwanza. Aliniambia kwamba kwao mtu asiye na mnyama wa maziwa hukopeshwa mmoja akamue, halafu hali ikigeuka anamrudisha. Kwetu Waturkana pia si jambo geni. Basi tukasema mgongo ni hivyo hivyo. Mtu akikaribia mashindano anahitaji watu wa kuangusha, jioni baada ya jioni, na mgongo unaoanguka unaumia. Wenzake wanamkopesha migongo yao. Zamu yao ikifika, anawarudishia. Na usijilaze: ni lazima upinge mpaka uangushwe kweli. Mgongo unaojilaza wenyewe ni zawadi, na zawadi hailipi deni.

Ni sheria nzuri. Nitasema ukweli kwamba mimi sikuitimiza. Bingwa ana mashindano kila wakati, kwa hiyo kila wakati ilikuwa zamu yangu. Lomuria, Mwiti, Abdi na Guyo walianguka kwa ajili yangu miaka minne. Guyo alianguka mara nyingi kuliko wote.

Sasa nije kwenye kosa langu, ambalo naamini hakuna mtu angelifanya isipokuwa mpiganaji wa mieleka.

Januari ya mwaka jana, wakati wa kiangazi, nilianza kupungua. Mtu mwingine angeogopa. Mimi nilifurahi. Katika mchezo wetu kilo ni adui. Nimeona wanaume wakikimbia juani wamevaa mifuko ya plastiki, wanatema mate kwenye chupa, hawanywi maji siku mbili, ili tu wapungue kilo tatu waingie uzito wa chini ambako watakuwa wakubwa kuliko wapinzani wao. Mimi nilikuwa napungua huku nakula. Shuka lililowa jasho kila usiku na Kawira, mke wangu, alilianika kila asubuhi. Niliwaambia vijana kwamba huo ni mwili wa bingwa, unajua wenyewe unachopaswa kutupa. Nilianza kukohoa pia, nikasingizia majani ya ngano ya mkeka.

Tulijipima kwenye mizani ya magunia dukani kwa Kawira. Machi nilikuwa sabini na tisa. Nikamwambia mizani yake imeharibika. Kawira ni mtu wa Meru, hapotezi maneno.

"Mizani haijakosea mteja mmoja," akasema. "Ikukosee wewe peke yako?"

"Basi ni mazoezi."

"Baba Nkatha, mazoezi hayakai kwa mashavu."

Nkatha ni binti yetu, alikuwa na miaka minne. Aprili, mvua ikinyesha, nilikuwa sabini na nne, na sabini na nne ulikuwa uzito wa Guyo.

Guyo alikuwa amengoja nafasi hiyo miaka minne. Alipaswa kwenda Nairobi kwenye mashindano ya taifa na mimi, kila mtu na uzito wake. Nikaamua kushuka. Nilijiambia bingwa katika uzito wa aina mbili ni kitu ambacho Isiolo haijawahi kuona. Tukapigania nafasi pale pale kwenye mkeka wa Burat, na nilimshinda kwa ujuzi, pointi nne kwa mbili, kisha nikaenda nyuma ya choo nikakohoa mpaka nikapiga magoti.

Kesho yake Guyo alikuja na chupa ya maziwa ya ngamia kama kawaida yake, akanipa, akaingia mkekani akanikopesha mgongo wake nijiandae kwa nafasi niliyomnyang'anya. Nilimtazama. Mtu umemchukulia kitu alichongoja miaka minne, naye anakuletea maziwa. Nikauliza moyoni, maziwa haya yana nini? Siku hiyo niliyanywa. Lakini nilianza kuhesabu: kila siku ninapokunywa, najisikia vipi?

Nairobi ilikuwa Juni. Pambano la kwanza nilishinda. La pili nilikutana na kijana wa timu ya askari, mwenye shingo kama gogo, akanibana kifua kwa nyuma, nami nikakohoa. Refa akapuliza filimbi. Kulikuwa na damu kwenye mkeka, tone kubwa kama sarafu, na sheria ni kwamba damu ikitoka, pambano linasimama mpaka jeraha lifungwe. Daktari wa mashindano akaja na pamba. Akafungua mdomo wangu, akatafuta kwenye midomo, kwenye ufizi, chini ya ulimi, ndani ya pua. Hakuona jeraha. Akaniangalia machoni na nikaona uso wake umebadilika.

"Hii damu inatoka wapi?" akaniuliza, polepole, kama ananiuliza kitu ambacho yeye alishakijua.

Hawakuniruhusu kuendelea. Njia nzima ya kurudi Isiolo nilikuwa na jibu langu. Inatoka kwa Guyo.

Usinicheke. Mtu aliyefika mahali kwa nguvu zake hujifunza kwamba watu hawapendi kuona amefika. Ghuba niliibiwa na rafiki tuliyelala chumba kimoja. Hapa nyumbani nilisengenywa na watu niliowafundisha bure. Nilikuwa na sababu zangu. Kwa hiyo maziwa yaliyofuata niliyapokea kwa tabasamu, nikamwaga kidogo kwenye chupa safi ya soda, nikafunga kifuniko, nikaenda nayo hospitali.

Maabara ilikuwa na dirisha dogo, na nje benchi mbili chini ya mabati. Nilipofikiwa nikaisukuma chupa ndani, nikamwambia mwanamke wa maabara kwamba mimi nina diploma, naelewa taratibu, naomba apime sumu. Alinitazama huku nikikohoa. Akanusa chupa.

"Ya ngamia?"

"Ndiyo."

"Maziwa kama haya uchemshe, unywe," akasema, akanirudishia. "Mimi nataka hiki." Akanipa kikopo chenye kifuniko. "Makohozi. Ya asubuhi, kabla ya kula. Usiteme mate, vuta kutoka chini."

Nikamwambia sikuja kwa ajili ya makohozi. Akaniambia foleni ni ndefu. Nyuma yangu mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema baba, chukua kikopo chako utupishe.

Nilikichukua. Hii ni habari ya ushindi, basi hesabu huo kuwa wa kwanza.

Majibu yalikuja: kifua kikuu. Aliyeniambia ni sista Halima wa kliniki ya kifua, mwanamke mfupi mwenye barakoa na sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alinieleza kuhusu vidonge vinne kila asubuhi, vyekundu kama matofali, miezi sita bila kuruka siku. Alisema Kawira na Nkatha waje wapimwe. Alisema mkojo utabadilika rangi nisishtuke. Kisha akachukua kalamu akaniuliza swali ambalo ndilo lililonitesa kuliko ugonjwa.

"Nani mwingine amekuwa karibu na wewe? Kazini, mazoezini, mahali mnapumua pamoja?"

Fikiria mieleka. Hakuna mchezo ambao watu wanapumua pamoja kuliko huo. Paji la uso kwa paji la uso, kikohozi changu kwenye shingo zao, miezi sita. Nilijua majina manne. Nilijua pia kwamba nikiyataja, kesho Burat yote itajua bingwa ana TB, mkeka utachomwa, na yule mzee wa kanisa atasema aliona tangu mwanzo. Na nilikuwa bado na wazo lingine: kwa nini nimtaje Guyo kama mtu wa kuokolewa, wakati huenda yeye ndiye aliyenipa?

"Nilifanya mazoezi peke yangu," nikasema.

"Mieleka peke yako?"

"Na gunia."

Aliandika. Nilimwona akiandika gunia. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Basi siku ukija tena umlete huyo gunia tumpime."

Julai Isiolo ni mwezi wa upepo. Vumbi linaingia hata ndani ya chai. Mwezi huo wa kwanza wa dawa nilikuwa mgonjwa kuliko kabla ya dawa. Tumbo lilikataa. Viungo viliuma kama nimepigana na watu watano. Mkojo ukatoka mwekundu, na ingawa sista alinionya, nilisimama chooni nikaamini nimeuawa. Nilikuwa na kilo sitini na mbili. Pete ya ndoa nilihamishia kidole gumba. Kwenye kioo niliona masikio yale yale mazito ya bingwa, yamebaki makubwa, juu ya shingo ya mgonjwa, kama yameazimwa kutoka kwa mtu mwingine.

Nilimshuku kila mtu. Kawira alihamia chumba kingine na Nkatha kwa wiki za kwanza, kama tulivyoelekezwa, na mimi nikaona ananiacha kwa hatua ndogo ndogo. Alinitengea kikombe cha bluu. Kila jioni alitoka nje na simu, akazungumza kwa sauti ya chini. Nikiuliza ni nani, anasema ni mtu wa kazi. Nilihesabu vidonge kabla ya kumeza nione kama kuna mtu amebadilisha. Yeye na Nkatha walipimwa wakawa wazima. Nkatha akapewa dawa za kinga, na kila alipomeza alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezifanya chungu.

Mama yangu peke yake hakunishuku wala sikumshuku. Alikuja kila siku na uji, akaketi mlangoni palipo na upepo, akakataa kuvaa barakoa mpaka sista Halima alipomwamrisha kwa simu. Nilimwambia aniogope kidogo. Akasema nimekuzaa wakati wa mvua kubwa, nikatembea na wewe hadi hapa, kikohozi ndicho kitanifukuza?

Na maziwa yaliendelea kuja. Sikuruhusu Guyo aingie. Basi kila siku ya pili aliiacha chupa kwenye nguzo ya lango, akaenda. Sikuyanywa. Lakini mimi ni mtu wa ushahidi. Nilimwagia mbwa wa jirani kwenye bati, nikakaa dirishani kumtazama. Siku ya kwanza hakufa. Siku ya tatu alianza kuningoja langoni. Baada ya wiki mbili jirani alimwuliza Kawira tunamlisha nini mbwa wake, maana amenenepa hata hataki kubweka.

Mimi nilikuwa mifupa, na mbwa alikuwa anang'aa. Hata mtu mwenye kiburi anaweza kusoma hesabu hiyo. Lakini niliisoma polepole.

Wiki ya tano, jioni, Kawira alirudi kutoka nje na simu mkononi, akasimama mbele yangu.

"Unajua naongea na nani?"

Nikamwambia najua ananisema kwa dada zake.

"Na sista Halima. Kila siku ananiuliza kama umekubali. Nimemwambia mume wangu si mtu mbaya, atasema mwenyewe. Nimesema hivyo wiki tano." Aliweka simu mezani. "Kesho ni siku yako ya kliniki. Usipotaja hao vijana kesho, keshokutwa naenda mimi na majina yote. Halafu utakaa na mimi ukijua nilikusaidia kuwa mwanamume."

Alienda kulala. Nami nilijiandaa usiku huo uongo mpya, niseme walikuwa wawili tu, na kwamba wamehamia Nairobi.

Asubuhi upepo ulikuwa mkali mpaka mabati ya benchi yalipiga kelele. Watu wa kliniki ya kifua tunaketi nje, mahali penye hewa, na kwa kawaida hatuzungumzi. Kila mtu anaangalia viatu vyake. Mzee mmoja alisogea ili nipate kivuli. Nilipoketi nikaona viatu ninavyovijua. Viatu vyekundu vya mieleka, vile nilivyomletea Guyo kutoka Nairobi mwaka wa kwanza.

Jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba amekuja kuniona nimeketi hapa ili akaseme.

"Salaam aleikum, Kochi," akasema nyuma ya barakoa. Macho yake yalikuwa yameingia ndani.

"Nani amekutuma?"

"Kutumwa?" Alikohoa, na sauti ya kikohozi kile niliijua kama ninavyojua sauti yangu. "Nimekuja kupimwa. Nimekohoa damu juzi."

"Unakohoa tangu lini?"

"Tangu mvua haijaisha."

Nilihesabu. Ilikuwa ni wakati ule ule aliponikopesha mgongo kwa ajili ya nafasi yake mwenyewe.

"Na bado ulikuwa unatembea kutoka kwenu kuniletea maziwa?"

"Wewe ulikuwa mgonjwa zaidi."

"Guyo, mimi nilikupokonya nafasi."

"Hapana. Wewe ulinishinda," akasema. "Kupokonya ni kitu ingine."

Nimesimama mbele ya wanaume wazito kuliko mimi na sikutetemeka. Pale benchini nilitazama viatu vyake vyekundu, si uso wake. Nilimwambia. Nilimwambia kwamba nimejua wiki tano nina nini, kwamba sista aliniuliza majina, akaniuliza tena, na tena, na kwamba nilimwambia nilifanya mazoezi na gunia. Nilimwambia kuhusu chupa ya maabara. Hata kuhusu mbwa.

Upepo ulipita. Wale waliokuwa wakiangalia viatu sasa walituangalia sisi.

"Kwa hivyo," akasema mwishowe, "mimi ndio gunia?"

"Ndiyo."

Alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, akainama, nami nikamshika mgongo. Nilihisi mifupa yake kupitia shati. Mgongo huo nilikuwa nimeuangusha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sikuwahi kuushika.

Sista Halima aliita jina langu. Niliingia nikataja majina manne kwa mpigo, na namba za simu, na boma la kila mmoja. Kisha nikamwuliza, kwa sababu bado nilikuwa mimi, kama kuna njia ya kujua nani alimpa nani: mimi kwa Guyo au Guyo kwangu. Aliweka kalamu chini.

"Ekiru, hapa hatutafuti mwizi. Tunatafuta watu."

Lomuria, Mwiti na Abdi walipimwa wakawa wazima. Guyo alikuwa na TB. Alianza dawa wiki ile ile, wiki tano nyuma yangu, na wiki hizo tano ni zangu. Nazibeba. Kama unasoma haya na unaficha majina, nakuambia bila kuzunguka: kila siku unayokaa kimya inaketi kwenye kifua cha mtu mwingine. Aibu niliyoiogopa ilikuja, nayo haikuua mtu. Mkeka haukuchomwa. Sista mwenyewe alikuja akaangalia, akasema uanikwe juani na tufanye mazoezi nje penye hewa, na wale wa kusengenya walisengenya wakachoka.

Kuanzia hapo Guyo alikuja kila asubuhi, tukaketi ukutani nje, tukameza pamoja. Mimi nilimweleza mambo yatakayomjia wiki inayofuata: sasa tumbo, sasa viungo, sasa mkojo. Alisema amepata kochi wa kila kitu. Maziwa yalichemshwa na nikayanywa, na mbwa wa jirani alitukasirikia. Mimi niliyekuwa nikimshuku kila mtu sasa nilibaki na mtu mmoja wa kushuku, na huyo nilikuwa naishi naye ndani ya ngozi moja.

Mvua fupi zilikuja Novemba nikiwa kilo sabini. Kawira alinipima dukani mbele ya wateja, akitangaza namba kama anauza maharagwe, na wanunuzi walipiga makofi. Pete ilirudi kidole chake mwanzoni mwa Desemba. Januari makohozi yangu ya mwisho yalikuwa safi, na mwanamke wa maabara, yule yule, alinisukumia karatasi dirishani akaniuliza kama leo sina maziwa ya kupima. Guyo alimaliza Februari. Wote waliosema sitamaliza, niliwapitishia ile karatasi mmoja mmoja. Yule mzee wa kanisa aliisoma mara mbili. Nilimwacha asome.

Nilibaki na jambo moja. Sista alinionya nisirudi mkekani kwa haraka, nikangoja, nikafanya mazoezi ya kutembea, ya kubeba ndoo, mpaka mwisho wa Machi mvua ilipoanza na vumbi likalala. Siku hiyo nikawaita wote wanne Burat. Niliwaambia natimiza sheria. Nilikuwa nimekopa migongo yao miaka minne, na sasa nalipa.

Walifikiri natania. Mwiti aliniuliza kama nina homa. Mama yangu alikuja na kiti chake, Kawira na Nkatha wakaketi kwenye majani, na majirani wakajaa kwenye ua, kwa sababu habari kwamba Ekiru ataanguka ilisafiri haraka kuliko habari kwamba Ekiru ni mgonjwa. Yule mzee alikuwepo pia. Alisimama nje ya lango kana kwamba alikuwa anapita tu.

"Leo utaanguka mbele ya mama yako?" mama akauliza.

"Leo, ndiyo."

Lomuria aliniangusha kwa mguu, mara moja, mara mbili, mpaka akasema imetosha. Kila mara nilipinga, na kila mara nilianguka kweli, maana nguvu zangu zilikuwa bado za mtu aliyetoka kitandani. Mwiti alinipitisha kiunoni na watu wakapiga kelele. Abdi, ambaye ni mwepesi, alihangaika na mimi mpaka akacheka, kisha akanipata. Hakuna aliyehesabu. Deni la mgongo halina daftari; mwenye deni ndiye anayejua, na mwenye kudai ndiye anayesema limekwisha. Kila mmoja aliposema, nilimpa mkono.

Guyo alikuwa wa mwisho. Alikuwa bado mwembamba. Tulishikana shingo, paji kwa paji, kama zamani, na nilisikia pumzi yake ikiingia na kutoka, safi, bila mkwaruzo. Nilikuwa nimechoka, na kitu fulani ndani yangu kilitaka kumrahisishia. Alipovuta, nilikwenda. Nilianguka chali mbele ya watu wote na nikangoja aseme.

Alisimama juu yangu ametia mikono kiunoni.

"Umejilaza," akasema.

"Sijajilaza."

"Kochi, mimi nimeanguka kwa hii mkeka miaka minne. Najua mtu ameanguka na najua mtu amelala. Simama."

Nilimshuku tena, kwa mara ya mwisho, nitakubali. Nilidhani anataka kuniaibisha. Kisha nikaona macho yake, nikaelewa kwamba hakutaka zawadi yangu, alitaka deni lake.

Nilisimama. Safari hii nilipigana kama niko Nairobi. Nilimshika mguu akauchomoa. Nilimzungusha akashika turubai. Nilisahau deni, nilitaka kushinda, na nilikuwa na uhakika nimempata, nimemweka begani, wakati alipoinama chini yangu kwa namna ambayo sikuwahi kumfundisha. Miguu yangu ikaacha ardhi. Nilianguka kwa mabega yote mawili, na majani ya ngano yakatoa sauti.

Majirani wakasogea hadi ukingoni mwa mkeka.

"Sasa?" nikamwuliza kutoka chini.

"Sasa umenilipa."

Alinyoosha mkono aniinue. Nilimwambia angoje kidogo. Nilibaki nimelala pale, mgongo wangu kwenye turubai lililolowa, nikavuta pumzi mpaka chini kabisa, mahali ambapo damu ilikuwa ikitoka, nikaishikilia, na nikasikiliza. Hakuna kitu kilichokwaruza. Nikavuta nyingine, nisikilize tena.